Nyanya zenye vumbi jeupe, tule tusile?

SWALI: Habari za kazi dada. Nanunua nyanya genge la hapa kwetu Tabata, siku hizi zinakuja na madoa meupe kama chokaa, muuzaji anasema ni dawa tu we osha upike. Mwanangu wa mwaka na nusu namsagia kila siku kwenye chakula chake ndo maana naogopa. Zinatoka wapi hizi, na ni salama kweli? Mama Junior, Dar

JIBU: Pole Mama Junior, mi mwenyewe hili linaniuma. Nyanya nyingi za Dar zinatoka Ilula kule Iringa, zinashuka Kitonga zinakatiza Mikumi, zaidi ya kilomita 400 ndani ya matenga, ndo maana zinachumwa bado ngumu zimeanza tu kubadilika rangi. Huo weupe mara nyingi ni dawa ya ugonjwa wa ukungu, maana mvua ikikaza na ukungu ukaingia shamba zima linaungua siku chache tu, alafu kuna yule mdudu kantangaze anaetoboa mpaka tunda, mkulima asipopuliza anarudi nyumbani mikono mitupu.

Ila kinachonitisha mimi ni siku, sio weupe. Kila dawa lebo yake inasema usubiri siku ngapi ndo uchume. Mwaka juzi nilikuwa shambani kwa shemeji yangu, kijana kabeba bomba mgongoni anapima dawa kwa kifuniko cha chupa, anaweka viwili badala ya kimoja, hiyo ilikuwa Jumanne, Alhamisi dalali kapiga simu gari lipo na bei nzuri, wakachuma. Ningemlaumuje na deni la mbolea analo na nyanya haimsubiri mtu?

Sasa we osha moja moja kwa maji yanayotiririka huku unasugua na kiganja, usizirundike beseni moja, na ya mtoto ichovye kwenye maji ya moto umenye ganda. Inapunguza, haimalizi, kuna dawa zinaingia mpaka ndani ya nyama. Na jamani tuache kuchagua zinazong'aa tu, kidoa cha mdudu unakikata na kisu basi, mkulima anapuliza mpaka dakika ya mwisho kwasababu sisi huku tunakataa kidoa. Kama una kibaraza tafuta ndoo kuukuu toboa chini panda miche miwili, miezi mitatu hivi Junior anakula nyanya ambayo unajua imepulizwa nini na lini.