Ningu ana mayai tele, mbona hazai bwawani?

SWALI: Niko Miritini, Mombasa. Shemeji yangu aliniletea samaki aina ya ningu kutoka Ahero, karibu na Kisumu, nikawatia katika bwawa la saruji. Wamenenepa na majike wamejaa mayai, lakini sijaona kifaranga hata mmoja. Perege wangu wa bwawa la pili wanazaa mpaka wananishinda. Nakosea wapi? Na nikishindwa, naweza kuwaachia Mto Sabaki?

JIBU: Ndugu yangu, kwenye kulisha hujakosea. Perege akipata joto na chakula anazaa. Ningu (Labeo victorianus) huivisha mayai, kisha hungoja mafuriko. Mvua ikinyesha na mito kama Nzoia, Yala, Nyando na Sondu ikifura kwa maji ya tope, makundi hutoka Ziwa Victoria, hupanda mto na kutaga pembeni, kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Baadaye wakubwa hurudi ziwani, na vifaranga hufuata. Bwawa lililotulia halimpi dalili yoyote ya hayo, na mayai asiyoyataga hufyonzwa tena mwilini.

Mshike mmoja umgeuze uone mdomo wake. Uko chini ya pua, una midomo minene, na kazi yake ni kukwangua: mwani ulioganda kwenye mawe, na tope laini lenye mabaki ya mimea. Ukimpasua utakuta utumbo mwembamba uliojizungushazungusha, mrefu kuliko mwili wake mara nyingi, kwa sababu chakula hicho kina lishe haba na humeng'enywa polepole. Kwa hiyo usisugue ule ukijani kwenye kuta za bwawa lako.

Wengi humlaumu sangara, yule samaki mkubwa mla samaki aliyepandikizwa ziwani, kwa kupungua kwa ningu. Sangara aliongeza madhara, lakini chanzo kikubwa ni nyavu. Nyavu za kutega ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905, na wavuvi wakajua upesi kwamba msimu wa mvua ningu wote hupita mlango mmoja, yaani pale mto unapoingia ziwani. Wakatega hapohapo, wakawavua majike kabla hawajataga. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 uvuvi wake, uliokuwa miongoni mwa mikubwa ya ziwa hilo, ulikuwa umeporomoka, miongo kadhaa kabla sangara hajatapakaa. Leo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, inamhesabu miongoni mwa walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Inaniuma, maana samaki huyu hana ukaidi wowote. Tumemvua mahali ambapo hawezi kutopita.

Vifaranga unaweza kupata. Watafiti wa Uganda wamemzalisha kwa kumdunga homoni ya tezi ya pituitari (tezi ndogo iliyo chini ya ubongo) ya samaki, kisha kumkamua mayai na kuyachanganya na mbegu za dume. Hiyo si kazi ya kujaribia nyumbani: kipimo hufuata uzito wa kila samaki, na jike asiyeiva hufa bure. Tafuta kituo cha kutotoleshea samaki chenye mtaalamu, uwaeleze ulichonacho.

Sabaki, la, hata mmoja. Mito yetu ya pwani ina jamaa zake wa ukoo wa Labeo, na mgeni anaweza kuchanganya damu nao au kuwaambukiza magonjwa. Usiwamwage hata kwenye mtaro, kwani mvua kubwa hubeba kila kitu. Ukiwachoka, wape kituo hicho, na kabla ya kuwasafirisha pita ofisi ya uvuvi ya kaunti uulizie kibali. Maji ya kisima yenye chumvi usiwatilie; ningu ni wa maji baridi.