Kompyuta gani ya injini kwa WRX ya turbo inayoishi Nairobi na kushuka Mombasa? Jibu langu refu

Ndugu, umesema una Subaru WRX ya 2003 yenye injini ya EJ205. Umeshafunga turbo ya VF34, intakula ya mbele (kipoza hewa ya turbo) na nozeli za mafuta za cc 550. Unakaa Nairobi, na kila baada ya miezi michache unashuka Mombasa. Fundi wa kwanza anakuuzia pigibeki (kidude cha kubadilisha ishara zinazoingia kwenye kompyuta ya kiwandani), wa pili anataka kuflashi, yaani kuandika upya, kontrol boksi yako ya kiwandani, wa tatu anakuhimiza ununue Link mpya, kompyuta kamili inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani, na kila mmoja anamponda mwenzake. Nimepitia njia zote tatu na gari la aina hiyohiyo. Ya kwanza ilinigharimu injini, kwa hiyo niwie radhi nikiandika kirefu.

Naanza na ile injini, maana humo ndimo nilimojifunza.

Nilikuwa na turbo kubwa kuliko ya kiwandani, nozeli kama zako, na pigibeki ya bei nafuu ya kupunguza ishara ya MAF, sensa inayopima hewa inayoingia. Busti, yaani shinikizo la turbo, niliidhibiti kwa vali ya mkono, ile yenye kigololi na springi, nikaiweka bari moja kwenye geji. Gari lilityuniwa juu ya daino, mashine ya kupima nguvu ya gari, hapa Nairobi. Uwiano wa hewa na mafuta ulikaa 11.5 hadi juu, gari likavuta vizuri, nikalilipia nikiwa na furaha. Wiki tatu baadaye nikashuka Pwani na familia. Karibu na Mariakani nilikuwa napita msururu wa malori, gia ya nne, mguu chini, nikasikia mlio kama changarawe ndani ya mkebe. Ulidumu sekunde mbili tu. Niliporudi Nairobi gari lilikuwa linatoa moshi wa bluu na kusukuma oili kwenye mipira ya kupumulia. Kupima kompresheni, silinda tatu ziko sawa, ya nne iko hoi. Tulipofungua tukakuta ukingo unaoshika ringi za pistoni ya nne umevunjika.

Mlio ule ulikuwa noki. Simaanishi beringi iliyochoka. Namaanisha mafuta yaliyobaki pembeni mwa silinda kulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia. Pistoni za EJ za kiwandani hazivumilii jambo hilo kwa muda mrefu.

Sasa, kwa nini gari lililokaa salama daino livunjike Mariakani? Sababu zilikuwa mbili, na zote zinakuhusu.

Ya kwanza ni pigibeki yenyewe. Ukitoa nozeli za cc 440 ukaweka za cc 550, kila ufunguko unamwaga robo zaidi ya mafuta. Ili kompyuta ya kiwandani isizamishe injini kwa petroli, pigibeki inaidanganya kwamba hewa inayoingia ni pungufu kwa karibu asilimia 20. Mafuta yanakaa sawa, na geji ya waidibendi, inayopima uwiano wa hewa na mafuta, inakuonyesha namba nzuri. Lakini kompyuta ya Subaru inatumia kipimo kilekile cha hewa kuchagua muda wa kupiga cheche. Ikiambiwa injini imebeba mzigo mdogo, inawahisha cheche, na cheche ya mapema mno ndiyo inayoleta noki. Kwa hiyo kadiri unavyorekebisha mafuta ndivyo unavyosogeza cheche upande wa hatari bila kukusudia, tena pale ambapo busti ni kubwa zaidi. Kumbuka pia kwamba ramani ya cheche (jedwali la muda wa kuipiga) ya gari la Japani ilichorwa kwa petroli yao ya haiokteni, inayouzwa kama 98 hadi 100. Super yetu haifiki hapo. Nafasi ndogo ya usalama iliyokuwepo ilishaliwa na petroli kabla pigibeki haijafungwa.

Sababu ya pili ni mwinuko, na hii sioni mafundi wengi wakiizungumzia. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la anga hapa ni kama kilopaskali 82. Mombasa ni 101. Vali ya mkono haijui shinikizo kamili ndani ya manifoldi. Inachojua ni tofauti kati ya manifoldi na hewa ya nje. Bari moja ya geji, yaani kilopaskali 100 juu ya anga, hapa ni kilopaskali 182 kamili, lakini bari moja ileile kule chini ni 201. Geji iko palepale, nawe hukugusa kitu, ila injini inameza hewa zaidi kwa karibu asilimia kumi. Sehemu hiyo ya ramani haikuguswa kabisa siku ya daino, kwa sababu Nairobi gari halikuweza kuifikia. Injini yangu iliingia humo mara ya kwanza ikiwa na abiria wanne, joto la Pwani na cheche iliyowahishwa na kidude nilichokifunga mwenyewe.

Ndiyo maana nikiulizwa kompyuta gani inafaa, siulizi itatoa farasi wangapi. Zote zinaweza kufungua nozeli na kupiga cheche. Nauliza itafanya nini siku petroli ikiwa mbaya, siku umeshuka mita 1,700, siku mpira wa busti umechomoka. Kwa kipimo hicho, pigibeki ya aina ile mimi nimeshaifuta kwenye orodha. Usiifunge hata ukipewa bure.

Kuflashi ndiyo njia ningekushauri wewe, kwa gari ulilolieleza. Nilipojenga injini ya pili nilirudi kwenye kompyuta ya kiwandani, nikatoa vali ya mkono, nikarudisha solenoidi ya busti (vali ya umeme inayoongozwa na kompyuta), kisha tukaandika ramani upya ndani ya boksi lenyewe. Vifaa vyake ni kebo ya Tactrix Openport, programu ya EcuFlash ya kusoma na kuandika, na RomRaider ya kurekebisha ramani na kurekodi data. Programu zote mbili hulipii chochote. Kwa njia hii unaiambia kompyuta ukweli kwamba nozeli ni za ukubwa huu na MAF iko kwenye bomba la kipenyo hiki. Haidanganywi, kwa hiyo cheche inatoka kwenye safu sahihi ya mzigo.

Kizuri zaidi ni kile walichokiweka wahandisi wa Subaru wenyewe. Boksi lina sensa ya shinikizo la anga ndani yake, na kuna jedwali la kurekebisha busti kufuatana na anga hiyo, yaani ile kazi niliyoiua nilipofunga vali ya mkono. Lina pia mfumo wa kusikiliza noki unaojifunza. Kwenye RomRaider utaona kipimo kiitwacho IAM. Kwenye kompyuta za biti 16, ambazo ndizo zilizomo kwenye gari nyingi za mwanzo za umbo hili, kinapanda hadi 16 mambo yakiwa shwari. Kwenye za biti 32 kikomo ni 1. Ukijaza petroli mbovu Mtito Andei, utakiona kinashuka, na cheche inarudishwa nyuma injini nzima. Kuna masahihisho mengine madogo yanayokumbukwa kwa kila eneo la mizunguko na mzigo, kwa hiyo unaweza kuona noki inatokea wapi hasa. Kuipata akili ya namna hiyo kwenye kompyuta ya kununua inahitaji pesa na mtu anayejua kuipanga.

Tahadhari za kuflashi ni chache, ila usizipuuze. Kwanza thibitisha boksi lako ni la biti ngapi, maana utaratibu wa kuunganisha unatofautiana. Viunganishi vya kijani chini ya dashibodi lazima viungwe kabla ya kuandika, na kwenye biti 16 kuna kile cheupe pia. Weka chaja kwenye betri. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, boksi linaweza kufa hapohapo. Hifadhi ramani ya asili kabla ya kugusa chochote. Na kama una ile vali ya kupulizia nje inayopiga "psss", itoe au irudishe hewa ndani, kwa sababu MAF imeshaihesabu hewa hiyo na kompyuta itaendelea kumwaga mafuta yake kila unapobadilisha gia.

Kuflashi kuna mwisho wake. MAF ya kiwandani kwenye bomba lake la asili inafika ukingoni karibu gramu 300 za hewa kwa sekunde. Baada ya hapo ishara inagonga volti 5 na kompyuta inakuwa kipofu. VF34 yako kwenye injini ya lita mbili haitakupeleka mbali kupita hapo. Mimi nilifika huko nilipofunga turbo kubwa zaidi miaka minne baadaye, na hapo ndipo nikaenda standaloni, ile njia ya tatu ya kompyuta kamili mpya.

Nilichukua Link ya kupachika, ya kutoka New Zealand, ile inayoingia kwenye soketi za kiwandani bila kukata nyaya. Jiandae kwa zaidi ya dola 1,000 kabla ya usafirishaji na ushuru. Haltech ya Australia na ECUMaster ya Poland zinafanya kazi ya kiwango hicho, na ungeniona nimeridhika na yoyote kati yake. MegaSquirt na Speeduino ni nafuu sana, na nawaheshimu waliozitengeneza. Lakini ni za mtu anayependa kushika chuma cha kulehemu na kusoma usiku, tena kwa gari ambalo si la kupeleka watoto shule.

Nakwambia ukweli kuhusu standaloni: kuvuta kwa nguvu tulimaliza siku moja. Kilichotula wiki sita ni mambo ambayo kiwanda kilishayatatua. Kuwaka asubuhi ya Julai bila kukohoa. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, kutulia AC inapowaka. Feni kujua muda wake. Kila kimoja kina jedwali lake, na unapata jaribio moja tu kwa siku la injini iliyolala baridi.

Ukifika huko, muulize muuzaji haya kabla ya kulipa. Je, inasoma meno ya krenki ya injini yako? EJ za zamani zina meno sita, za baadaye zina gurudumu la 36-2-2-2, na si kila kompyuta inajua yote mawili. Je, ina usikilizaji wa noki wa kweli unaoweza kulenga sauti inayotakiwa? Kwa pistoni ya milimita 92 kama yako, sauti hiyo iko karibu kilohetsi 6. Je, inaweza kukata busti au kuzima injini yenyewe ikiona mchanganyiko umekuwa mkavu, yaani mafuta yamepungua, au presha ya oili imeshuka? Na kubwa kwetu sisi: anga inaisoma vipi? Kuna mipangilio, MegaSquirt wanayo, ambapo shinikizo la anga linasomwa mara moja tu unapofungua ufunguo. Ukitoka Nairobi ukaenda moja kwa moja hadi Voi bila kuzima, kompyuta bado inaamini uko Nairobi. Taka sensa ya pili inayosoma anga muda wote.

Kuna jambo upande wa pili wa mlima pia. Ukiipa standaloni lengo la busti la kilopaskali 200 kamili kila mahali, Mombasa turbo inaongeza shinikizo mara mbili, lakini Nairobi inabidi iliongeze karibu mara mbili na nusu. Inazunguka kasi zaidi, hewa inatoka moto zaidi, na turbo ndogo inachoka mapema. Mimi lengo langu nimelipunguza kadiri ninavyopanda, nikakubali kupoteza nguvu kidogo nyumbani.

Fundi wa kutyuni, mchague kabla ya kifaa. Aliyenityunia mara ya kwanza alifunga ramani kwa nywila na hakutaka kunipa. Injini ilipovunjika sikuweza hata kuona alichoandika. Sasa sikubali kuondoka bila faili la ramani na rekodi za siku hiyo kwenye flashi diski yangu. Kama anaflashi vizuri lakini Link hajaishika, usimfanye ajifunzie kwenye gari lako.

Kwa hiyo wiki hii usinunue kompyuta yoyote. Nunua waidibendi yenye sensa ya Bosch LSU 4.9, uifunge kwenye bomba baada ya turbo, kamwe si kabla yake. Chukua kebo, unganisha laptopu, rekodi gia ya tatu kutoka mizunguko 2,500 hadi 6,500, juu ya daino au sehemu iliyofungwa, na uachie mguu mara tu ukiona masahihisho ya noki yanashuka chini ya sifuri. Weka hapa faili lenye IAM, masahihisho ya noki, volti za MAF, busti na lamda (uwiano wa hewa na mafuta). MAF ikiwa chini ya volti 4.7 hadi mwisho, flashi inakutosha na nitakusaidia kusoma ramani safu kwa safu.