Nilivyoachana na upelelezi (kidogo)

Juzi kijana mmoja wa Wete kaniandikia: "Kaka, mie nasoma riwaya za upelelezi tu. Nyengine zote zanitia usingizi. Nifanyeje?" Nikacheka, maana huyo ndiye mimi wa miaka 15 nyuma.

Nikiwa skuli hapa Chake Chake, Pemba, nilikuwa nikisoma riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale chini ya dawati. Bwana Msa, yule mpelelezi wa kitabuni, na kiko chake ndio kwanza anaanza kunusa ukweli, mwalimu akaninyang'anya. "Porojo hizi," akasema, na darasa zima likacheka. Kitabu hakikurudi. Toka siku hiyo sikugusa kitabu ila kiwe cha upelelezi. Ulikuwa ukaidi zaidi kuliko mapenzi, nalijua hilo sasa.

Kilichonitoa huko ni boti. Tunaondoka Mkoani, mzee aliyekaa pembeni yangu kanishika mkono: "Mwanangu, miwani yangu imevunjika. Nisomee." Kilikuwa Kuli, riwaya ya Adam Shafi juu ya wapagazi wa bandarini Unguja. Ningekimbilia wapi baharini? Nikasoma kwa sauti, na kila kurasa mbili mzee ananikatiza: magunia yalibebwaje, ujira ulikuwaje, baba yake alivyogoma mwaka 1948. Tukafunga gati Malindi, Unguja, mgomo ndio kwanza unapamba moto kitabuni. Mzee akachukua kitabu chake, akashuka.

Nilikitafuta wiki tatu. Nilipokimaliza nikataka kujua mgomo wenyewe ulikuwaje, nikajikuta ndani ya historia, mie niliyekuwa nikisinzia kwa tarehe. Kuuliza uliza habari za kale kukanifikisha kwa mashairi ya Haji Gora Haji, mtu wa Tumbatu. Na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobel ya fasihi 2021, sikungoja kuhadithiwa. Peponi, riwaya yake kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, nilikimaliza kwa siku nne. Najisifu, ndiyo.

Basi mdogo wangu, usiende dukani ukasema leo nanunua ushairi. Fuata swali. Kitabu ulichokipenda kimekuachia nini hujakielewa? Anzia hapo. Mashairi yasome kwa sauti, hata kama nyumbani watakuona umerukwa na akili. Na kitabu kikikushinda kiache, mie nimeacha vingi. Lakini hii tabia yenu ya kusoma kurasa tatu kisha "kinaboa", huku simu haikuboi mpaka alfajiri, hapana. Mpe mwandishi kurasa 30. Visiwa hivi vimetoa waandishi wa kuogopwa, nasi twawaachia vumbi. Fuata swali, nasema tena.

Ukija Chake nitakuazima Kuli. Mzimu wa Watu wa Kale ninazo nakala mbili, na zote haziazimwi.