Mama Mpole Ameanza Ukali: Ni Tabia au Ni Maradhi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 71, na tangu utotoni tunamjua kuwa mpole asiyegombana na mtu. Tangu Ramadhani iliyopita anamtuhumu dada wa kazi kuwa anamwibia doti za kanga, na hata zikipatikana kabatini mwa mama mwenyewe hasira haimwishi. Shangazi anasema huo ni ukaidi wa uzeeni tu, ilhali kaka amesoma kwamba watu wapole ndio wanaopatwa na ugonjwa wa kusahau. Tumwamini nani? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Yaelekea kaka yako amesoma habari za utafiti wa Geneva, Uswisi, uliochapishwa mwaka 2020 na daktari wa magonjwa ya akili Panteleimon Giannakopoulos pamoja na wenzake. Waliwafuatilia kwa miaka kadhaa wazee 65, wakawapiga picha za ubongo na kuwapima kumbukumbu na hulka, wakaona kwamba wasiojali sana kumridhisha kila mtu, na wenye udadisi wa mambo mapya, walihifadhi vizuri zaidi sehemu za ubongo ambazo maradhi ya Alzheimer, yaani huo ugonjwa wa kusahau, huzisinyaza. Hata hivyo, wazee 65 ni wachache, na utafiti wa namna hiyo huonyesha uhusiano tu. Hauthibitishi kwamba upole huleta maradhi.

Kwa maoni yangu, utafiti wenye uzito zaidi ni ule wa Robert Wilson na wenzake wa Chicago, Marekani, uliotolewa mwaka 2007. Kati ya watawa, mapadre na mabruda wa Kikatoliki 997, waliougua Alzheimer katika muda wa hadi miaka 12 walikuwa 176, na watu makini wenye nidhamu walikuwa katika hatari ndogo zaidi. La ajabu ni kwamba, waliofariki walipochunguzwa ubongo, alama za maradhi hazikuwa chache kwa wenye nidhamu. Pengine hulka yao iliisaidia akili kuyahimili.

Lakini hayo yote yahusu hulka ya maisha yote, na ya mama yako imegeuka uzeeni, jambo ambalo silihesabu kuwa ukaidi, bali huenda ni dalili ya ugonjwa wa kusahau. Mgonjwa wa namna hii hasahau tu alikoiweka kanga, bali husahau kwamba aliiweka yeye mwenyewe, kwa hiyo kwake wizi ndio maelezo pekee yanayoingia akilini. Mpelekeni hospitali mapema, kwa sababu sonona, hitilafu ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12 na hata maambukizi ya njia ya mkojo huweza kufanana na ugonjwa huo, na yote hayo hutibika. Aandamane na mtu anayeishi naye, mwenye kumbukumbu ya lini mabadiliko yalianza, na mchukue dawa zote anazotumia, za mitishamba zikiwemo. Kwa sasa msibishane naye kuhusu kanga. Zitafuteni pamoja naye, na dada wa kazi aelezwe kwamba halaumiwi.