Kabla hujasema watu wamehama, uliza mpaka ulihama lini

Ramani yangu ya kwanza ya uhamaji ilipendeza mno, na ilikuwa uongo mtupu.

Ndiyo kwanza nilikuwa naanza utafiti wa jiografia ya watu jijini Dar es Salaam: nani anahama, anatoka mtaa gani, anaishia wapi. Nikachukua sensa ya 2012 na ya 2022, nikazipanga wilaya kwa wilaya, nikapaka rangi. Kinondoni ikatoka nyekundu pyu. Mwaka 2012 ilikuwa na watu 1,775,049. Mwaka 2022 watu 982,328. Karibu laki nane hawapo! Usiku ule ule nikaandika kurasa tatu kuhusu kodi za nyumba na foleni zinavyowafukuza watu.

Siku ya pili nikaenda nayo Kimara, kwa mama mmoja mtu mzima aliyewahi kuwa balozi wa nyumba kumi. Shikamoo, marahaba, nikakunjua karatasi. Akavaa miwani, akaisogeza mbali, akairudisha karibu.

"Kimara yetu iko wapi hapa?"

"Hapa, mama, Ubungo."

Akacheka mpaka mtandio ukamteleza. "Mwanangu, mimi nimejenga hapa kukiwa na mikorosho. Sijahama. Iliyohama ni Kinondoni."

Kumbe kati ya sensa hizo mbili Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Wilaya tatu zikawa tano. Ukirudisha watu 1,086,912 wa Ubungo, Kinondoni ile ya zamani inafika 2,069,240: imeongezeka karibu laki tatu. Kurasa zangu tatu zikaenda na maji.

Kosa la Kinondoni ni kubwa kiasi kwamba mtu makini atalishtukia. Ninaloliogopa ni la Temeke. Kutoka 1,368,881 hadi 1,346,674, upungufu wa elfu ishirini na kidogo, unaaminika kabisa. Hata mwalimu wako anaweza kuupitisha. Jumlisha Kigamboni yenye watu 317,902 uone kama kuna aliyepungua.

Kwa hiyo wewe unayeanza, usifungue takwimu kabla ya faili la mipaka. Jua ni mipaka ya mwaka gani, rudisha vipande vipya kwenye wilaya mama, ndipo utoe idadi ya zamani kwenye mpya. Na kata nazo humegwa, tena kimya kimya kuliko wilaya. Hata hesabu ikikaa sawa, kuongezeka kwa watu si kuhamia. Watoto nao huzaliwa.

Mpaka una ujanja mwingine. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi. Aliyekwenda kujishikiza Kibaha ameingia mkoa wa Pwani, kwa hiyo kwenye jedwali la mikoa ni mhamaji. Aliyekwenda Chanika, mbali zaidi, akabadilisha shule za watoto, soko na daladala zote, bado yuko Dar es Salaam. Jedwali halimwoni. Huyo utampata kwa miguu tu.

Ukimfikia, usimuulize "umehama mara ngapi?" Nilifanya hivyo wiki mbili nzima nikawa najibiwa "sijawahi". Kwa wengi niliozungumza nao, kuhama ni kutoka mkoani na mabegi. Uliza "umepanga wapi na wapi?" na chumba baada ya chumba kitajitokeza: Manzese, Mabibo, kwa shemeji Tabata, ndipo hapa. Miaka usiing'ang'anie. "Ilikuwa kabla au baada ya bomoabomoa?" inajibiwa papo hapo.

Jambo dogo la mwisho, ambalo kwangu si dogo. Simu inachukua sehemu ulipo mpaka mlangoni. Usichapishe alama hiyo. Mjane anayeishi peke yake hakukukaribisha chai ili nyumba yake ionekane na kila mwenye intaneti. Mimi hukusanya alama zote kwa mtaa, basi.

Nilimrudishia mama yule ramani iliyosahihishwa. Akaikagua, akaridhika na Ubungo, halafu akauliza mbona nyumba yake haipo. Nikamweleza sababu. Akaomba kalamu, akachora kinyumba chenye bati na mkorosho mmoja pembeni.

"Hii yangu sifichi," akasema, akaibandika ukutani.