Kabla hujaacha kazi Arusha umfuate Dodoma, muulize na yeye swali hilohilo

Mdogo wangu, nimekusoma mara mbili. Una miaka 27, umepata kazi ya kuongoza watalii Arusha baada ya kuihangaikia miaka minne, na unatakiwa kuripoti mwezi ujao. Mchumba wako ni mhasibu wizarani, yuko Dodoma, na kakwambia kama unampenda uende huko, kazi utapata. Sasa unauliza uchague kipi. Wengi waliokutangulia kukujibu wamekuletea ile ya fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi nililetewa methali hiyohiyo na shangazi yangu Kibosho, Desemba 2016, wiki mbili kabla ya harusi yangu. Niliifuata. Ndiyo maana leo nakuandikia kwa kirefu.

Mimi ni muonjaji wa kahawa. Nilianza maabara hapa Moshi mwaka 2014, nikiwa wa kuosha vikombe na kusaga sampuli, nikapanda taratibu hadi nikakaa mezani. Watu wakisikia kuonja wanadhani ni kunywa. Kila sampuli inapangiwa vikombe vitano, gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji. Unamwaga maji, unasubiri dakika nne, halafu unauvunja ule ukoko wa juu kwa mgongo wa kijiko, pua ikiwa karibu kuzama kikombeni, maana harufu yote inatoka hapo kwa sekunde chache na hairudi. Ikipoa kidogo unaivuta kwa kijiko hadi itoe mluzi, isambae kinywa kizima, kisha unatema. Unatoa alama kwenye mia. Kuanzia 80 ni kahawa ya daraja la juu, na mkulima wa Uru au Machame anaweza kupata au kukosa bei nzuri kwa alama mbili. Hupaki manukato, huli kitunguu mchana. Niliipenda kazi ile kiasi kwamba Jumapili jioni nilikuwa natamani kuche.

Mwenzangu alikuwa mwalimu wa fizikia sekondari moja wilayani Kondoa. Enzi zile mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku, na kipande cha Babati kwenda Kondoa kilikuwa bado kinajengwa, vumbi na michepuko kila mahali. Ukitoka Moshi alfajiri, ukabadilisha gari Arusha na tena Babati, ulifika kiza kimeingia na nywele nyekundu. Tulionana kila baada ya miezi miwili, siku mbili. Kwa hiyo tulipofunga ndoa hakuna aliyeuliza nani ahame. Mama yangu hakuuliza, wazazi wake hawakuuliza, mimi mwenyewe sikuuliza. Mke humfuata mume. Januari 2017 nilikabidhi koti langu jeupe na vijiko viwili, nikapanda basi na magodoro.

Kondoa haijanikosea kitu hadi leo. Watu wake ni wakarimu, na biashara ya mafuta ya alizeti niliyoanzisha ilinipa hela nzuri, miezi mingine kuliko mshahara wa maabara. Nalisema hili kwa sababu mchumba wako anaposema "kazi utapata" huenda ni kweli kabisa. Mimi nilipata. Shida haikuwa kukosa hela.

Siku moja, mwaka wa pili, mume wangu alirudi na sacheti za kahawa ya unga, akachemsha maji, akaniwekea kikombe mezani kwa nia njema tu. Nikachukua kijiko. Bila kufikiri nikaivuta kama tulivyokuwa tukivuta maabara, mluzi ukasikika hadi kwa jirani. Nikatafuta ladha, nikajaribu kuzitaja moyoni kama tulivyofundishwa, sikupata hata moja ya kuitaja kwa uhakika. Niliweka kijiko chini nikalia kwa sauti. Yeye alisimama pale na birika mkononi hajui amekosa nini.

Tangu siku ile kila ugomvi, hata wa chumvi kwenye mchuzi, niliumalizia palepale: niliacha kazi kwa ajili yako. Alilipaje deni hilo? Hakukopa. Akawa mtu wa kunyamaza ndani ya nyumba yake. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, na mdogo wangu, tulikuwa mbali kuliko nilipokuwa Moshi na yeye Kondoa.

Iliendelea hivyo hadi usiku mmoja nilipomwambia, "Wewe usingeweza kuacha chochote kwa ajili yangu." Akanijibu polepole, "Hukuwahi kuniuliza. Walimu wa fizikia wanatafutwa nchi nzima. Ningeomba uhamisho wakati ule." Nilikosa la kusema. Ilikuwa kweli. Kazi yake ilikuwepo Moshi, ilikuwepo Same, ilikuwepo kila mahali penye sekondari. Yangu Kondoa haikuwepo kabisa, kwa sababu kahawa hailimwi kule. Tuliing'oa ile isiyohamishika, tukaiacha ile inayohamishika imekaa. Na hatukufanya hivyo kwa ubaya. Hakuna hata mmoja wetu aliyeliweka swali mezani.

Rudi sasa kwenye lako. Kazi yako inaishi Arusha. Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti zote wageni wanazifuata wakitokea hapo. Makampuni yapo hapo, magari yapo hapo, na jina la mwongozaji linajengwa hapo, tripu kwa tripu. Dodoma utapata kazi, ndiyo, ila hiyo hutaipata. Na wanawake wanaoongoza watalii bado ni wachache; ukitoka kabla hata ya msimu wako wa kwanza, kurudi kutakuwa kama kuanza upya. Yeye ni mhasibu wa serikali. Arusha kuna jiji, kuna halmashauri za wilaya, kuna ofisi ya mkoa, na taasisi za umma kibao. Wote hao wana wahasibu. Simwambii ahame. Nasema kati yenu wawili, yeye ndiye mwenye kazi inayoweza kupanda basi.

Hapa kuna jambo wengi hawalijui hadi liwakwamishe. Uhamisho wa kumfuata mwenza unaombwa na mtu mwenye cheti cha ndoa. Uchumba hautambuliki, hata kama mahari imetolewa yote. Siku hizi maombi yanapita kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma. Sisi, kumhamishia mume wangu Moshi, tulizunguka na barua, kwa mkuu wa shule, kwa mkurugenzi, kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ndipo TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Kilichotuokoa ni kubadilishana: tulipata mwalimu aliyekuwa Moshi Vijijini na mkewe yuko Dodoma, naye anatafuta kutoka kama sisi. Hata hivyo ilichukua miezi, na uhamisho ukiuomba mwenyewe gharama za kuhama ni zako, serikali haikulipi. Tulibeba vyombo vyetu kwa hela ya alizeti, mwaka 2019.

Kwa hiyo wewe usiache kazi kwa ahadi ya kinywa, na yeye usimdai ahame kesho. Zungumzeni tarehe ya ndoa kwanza, maana ndiyo inayofungua mlango wa uhamisho.

Na huo umbali wenyewe, nauheshimu. Najua kulala na simu sikioni. Lakini Arusha hadi Dodoma leo si ile tuliyoipita sisi. Lami ya Babati hadi Dodoma ilizinduliwa 2018, na tangu 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea usiku. Akitoka kazini Ijumaa, Jumamosi asubuhi yuko kwako. Kuna na hili la msimu: Aprili na Mei mvua za masika zikishika, wageni wanapungua sana na waongozaji wengi wanakaa nyumbani. Hizo ni wiki zako za kuwa Dodoma, mpike pamoja, umwone alivyo siku ya kawaida akiwa amechoka. Julai hadi Oktoba usimwahidi kitu, maana utakuwa porini na mtandao wenyewe wa kubahatisha. Mwambie hilo mapema, kwa sababu ukimya wa siku tatu Serengeti unaweza kuleta maneno kama hajui sababu. Nauli iingizeni kwenye bajeti kama kodi ya nyumba, mchangie wote wawili, na msafiri kwa zamu. Anayesafiri peke yake kila mara huchoka, halafu huanza kuhesabu.

Wapo waliofuata na wakawa sawa. Rafiki yangu muuguzi alihama kutoka Moshi kwenda Dodoma kwa mumewe, akahama na cheo chake na michango yake ya pensheni, Jumatatu akaingia wodini kama kawaida. Kazi yake ilimfuata. Ningekuwa na ujuzi wake ningekujibu tofauti kabisa.

Mimi niliporudi maabara walinichukua kama kibarua wa msimu. Alama zangu zilikuwa zinapishana na za wenzangu kwa pointi mbili hadi tatu, na aliyekuwa akikaa nyuma yangu kujifunza ndiye sasa aliyekuwa ananisahihisha. Ilinichukua msimu mzima, kila siku vikombe hamsini au sitini, hadi ulimi ukarudi. Mume wangu alikuwa ananisagia sampuli za mazoezi nyumbani jioni, anaficha majina chini ya vikombe ili nisichungulie. Hatukuzungumza sana siku zile, ila kila alipogeuza kikombe akakuta nimepatia alinionyesha kwa kidole tu, na mimi nikaendelea na kinachofuata.

Mpigie leo jioni. Usimuulize kama anakupenda, hilo halina shida kwa ulivyoeleza. Muulize: "Kama ningekuwa mimi niko Dodoma na wewe ndiye umepata kazi hii Arusha, tungefanyaje?" Kisha nyamaza, umwache ajibu mwenyewe hadi mwisho. Akikujibu, rudi hapa utuambie alichosema. Na mwezi ujao, vyovyote atakavyojibu, nenda karipoti.