Mratibu wa harusi: kazi ipi umlipe, ipi ubaki nayo

Wengi wanaoanza kupanga harusi hupima haja ya mratibu kwa idadi ya wageni. Tuna watu mia mbili, je, tuchukue mratibu kamili au tujikaze wenyewe? Wageni wana uzito wao, sikatai, ila mimi naanza kwa kuhesabu makabidhiano, yaani pale kazi inapotoka mkononi mwa mmoja kwenda kwa mwingine. Chukua karatasi, andika kila anayekuja kufanya kazi siku hiyo: mwenye viti, mpambaji, mtu wa muziki, mpishi, mpiga picha, mshereheshaji, dereva. Halafu chora mstari kila mahali ambapo mmoja hawezi kuanza mpaka mwenzake amalize. Harusi ya watu mia tatu kwenye ukumbi unaotoa viti, chakula, mapambo na spika kwa mkataba mmoja inaweza kuwa na mistari michache sana. Ya watu sitini kwenye bustani tupu, ambako hata umeme na vyoo vinaletwa kwa gari, itakujazia karatasi. Hii ya pili, pamoja na udogo wake, ndiyo inayohitaji mratibu.

Shida za siku ya harusi ukizitazama kwa karibu, nyingi hazitokani na uzembe. Mpambaji amewahi, ametundika mapazia ukuta mzima, mbele yake ameweka stendi za maua, kazi safi kabisa. Saa nane mtu wa muziki anaingia na nyaya begani, anauliza umeme uko wapi. Soketi iko nyuma ya pazia, katikati kabisa ya stendi mbili za maua. Wote wawili wamefanya walichoagizwa, ila hakuna aliyewaagiza kwa pamoja. Mpambaji hataki kazi yake iguswe, wa muziki anasema bila umeme hafungi kitu, na saa inakwenda. Kama hakuna mwenye mamlaka pale ukumbini, simu itapigwa kwa bibi harusi aliyekaa kwenye kiti cha mrembaji, jicho moja limepakwa na la pili bado. Mratibu anayejua kazi angekuwa amewauliza wote wawili kuhusu soketi wiki mbili nyuma. Hilo ndilo unalolipia, hata kama kwenye picha halitaonekana popote.

Huduma zenyewe, kwa kawaida, ziko za namna tatu. Mratibu kamili anaanza nawe tangu kutafuta ukumbi na kupanga bajeti mpaka mwisho. Wa sehemu anashika vipande mlivyokubaliana, labda kutafuta watoa huduma na kusoma mikataba. Wa tatu anaitwa mratibu wa siku, na hapa ndipo wageni wa mambo haya wanapoumia, kwa sababu jina linadanganya. Anayetokea asubuhi ya harusi bila kujua lolote ni mtu wa kubeba maua tu. Anayestahili malipo anaanza kupokea kazi kati ya wiki nne na sita kabla: anasoma mikataba yako yote, anampigia kila mtoa huduma, anaandika ratiba moja na kumtumia kila mmoja. Kabla hujasaini, muulize ataanza kazi lini. Akijibu "siku yenyewe", endelea kutafuta.

Msimamo wangu, na wapo watakaonipinga, ni kwamba watu wananunua msaada mwingi mwanzoni na mchache mwishoni. Wanamlipa mtu awasaidie kuchagua rangi na kadi, kazi ambayo wao wenyewe wanaifurahia, na wana miezi ya kuifanya polepole. Pesa ikishapungua, siku yenyewe inaachiwa shangazi mchangamfu. Geuza. Kama bajeti inatosha kitu kimoja tu, kiwe uratibu wa siku. Kupanda hadi uratibu wa sehemu kuna maana kama mnaishi mbali na mahali pa harusi, au kazi zenu haziwaruhusu kupokea simu mchana, maana watoa huduma hupiga mchana. Uratibu kamili ni wa wenye makabidhiano mengi na muda mfupi. Hautibu ugonjwa wa kushindwa kuamua: mratibu ataleta kumbi tatu mezani, na kama nyinyi hamuafikiani, mtakaa na kumbi tatu mezani.

Kuhusu shangazi, namheshimu. Anaweza kupokea wageni mlangoni na kuwatambua kwa majina, jambo ambalo hakuna mratibu wa kukodi ataliweza. Lakini mpishi hana mkataba naye, hawezi kumwambia mjomba akatishe hotuba, na siku hiyo anatakiwa kuwa na furaha kama wengine, ameketi.

Usimchanganye mratibu wako na meneja wa ukumbi. Meneja anaweza kuwa mzuri kupindukia, ila mwajiri wake ni ukumbi. Atahangaikia milango, taa, vyombo vyake na saa ya kufunga. Gari la maua likipotea njia, hilo si lake.

Malipo nayo yasomwe kwa jicho kali. Wengine wanatoza kiasi kimoja kisichobadilika, wengine kwa saa, wengine asilimia ya bajeti yote. Asilimia si wizi, lakini fikiria: anayekusaidia kupunguza gharama anapunguza pia mshahara wake. Kama ndiyo njia yake, mkubaliane mapema asilimia hiyo inahesabiwa juu ya nini, na kama ina kikomo. Muulize pia, bila kuona haya, kama anapokea kamisheni kutoka kwa watoa huduma anaowapendekeza. Anayepokea na kukwambia ni mtu wa kufanya naye kazi. Anayekasirikia swali amekwisha kujibu.

Kwenye mkataba, tafuta jina la mtu atakayesimama ukumbini. Kampuni inaweza kukukutanisha na mkuu wake kwa miezi, siku ya siku akaja kijana ambaye hujawahi kumuona. Tafuta na idadi ya wasaidizi, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuwa getini na jikoni kwa wakati mmoja. Nani atakuja mratibu akiugua? Ana harusi nyingine siku hiyo? Anaondoka saa ngapi, na saa za ziada zinatozwaje?

Swali la saa ya kuondoka lina jambo ndani yake. Mwombe akuonyeshe ratiba ya harusi aliyokwisha kusimamia, majina yakiwa yamefutwa. Ratiba ya mtu mgeni wa kazi inaanza maharusi wanapoingia na kuishia keki inapokatwa. Ya mzoefu inaanza mtu anapofungua mlango wa ukumbi asubuhi, na inaishia ufunguo unaporudishwa usiku, baada ya viti kuhesabiwa na spika kupakiwa. Kila mstari una jina na namba ya simu, na kati ya tukio na tukio kuna dakika za kupumua. Zawadi zinaondoka na gari la nani? Salio la mpiga picha liko kwa nani? Kama karatasi yake haijibu hayo, usiku wa manane atajibu baba wa bwana harusi.

Vilivyobaki ni vyako, hata ukimlipa nani. Mratibu hawezi kuamua nani asiketi karibu na nani, nani akumbukwe kwenye hotuba, wala jina la bibi litamkwe vipi. Hayo mwandikie mapema. Siku moja kabla, mkabidhi salio za watoa huduma, kila moja kwenye bahasha yenye jina, pamoja na karatasi inayosema mambo ambayo anaweza kuyaamua bila kukupigia na kiasi cha pesa anachoweza kutumia kwa dharura. Watoa huduma nao watumie ujumbe mmoja usiku huo huo: kuanzia kesho asubuhi, namba ya kupiga ni hii, si yangu.